Madumu 22,000 kwa Siku: Hesabu ya Maji ya Plataea, 479 KK

Mtu wa Dodoma akiambiwa kwamba watu 110,000 walipiga kambi uwandani mwezi wa Agosti, swali lake la kwanza ni moja tu: maji waliteka wapi? Vita vya Plataea, mji wa Ugiriki ambako Wagiriki walipambana na Waajemi (watu wa Iran ya kale), kwa kawaida husimuliwa kuanzia mwisho, pale Wasparta walipovunja ukuta wa ngao za Waajemi na kamanda wa Waajemi, Mardonius, akauawa akiwa juu ya farasi wake mweupe. Huko tutafika. Lakini kabla ya asubuhi ile majeshi mawili yalikaa zaidi ya siku kumi yakitazamana ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto Asopus, na katika siku hizo Mardonius alikuwa anashinda bila kupigana. Alipoamua kupigana ndipo alipopoteza kila kitu.

Mwaka uliotangulia Xerxes, mfalme wa Waajemi, alishindwa baharini Salamis, akarudi Asia na kumwachia Mardonius jeshi la nchi kavu. Mardonius alipitisha majira ya baridi Thessaly, akashuka tena mwaka 479, akaikuta Athene imehamwa, akaichoma, kisha akarudi kaskazini hadi Boeotia. Kurudi huko kulikuwa na akili. Attica, jimbo la Athene, haifai kwa farasi, na njia za kutokea ni nyembamba kiasi kwamba watu wachache wangeweza kumziba. Boeotia ina uwanda, na mji wa Thebes ulikuwa upande wake, maghala yake yakiwa na nafaka na malisho. Alijenga boma la magogo lenye stadi 10 kila upande. Stadi ni kama mita 180, kwa hiyo chukua kilomita 1.8 kwa 1.8, karibu ekari 800. Miti aliikata kwenye mashamba ya Wathebe wenyewe, rafiki zake, si kwa uadui bali kwa kuwa alilazimika kupata ngome.

Wagiriki walivuka mlima Cithaeron wakitokea kusini, chini ya Pausanias wa Sparta, aliyeshika madaraka kwa niaba ya binamu yake Pleistarchus, mtoto wa Leonidas. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne hiyohiyo, ametuachia orodha ya vikosi, mji kwa mji: Wasparta 5,000, kila mmoja na heloti 7 (watumwa wa dola); watu wa miji ya jirani na Sparta 5,000; Tegea 1,500; Korintho 5,000; Sicyon 3,000; Megara 3,000; Athene 8,000 chini ya Aristides; Plataea 600; na wengine wa mia tatu, mia sita, elfu moja. Askari wa ngao nzito walikuwa 38,700. Wenye silaha nyepesi pamoja na wasindikizaji anawataja 69,500, kisha anaongeza watu 1,800 wa Thespiae wasio na silaha nzito, na jumla inafika 110,000 kamili. Waajemi anawapa 300,000. Hiyo siiamini, wala wanahistoria wengi wa sasa hawaiamini. Kikosi cha wapanda farasi katika jeshi la Wagiriki: hakuna.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa miguuni mwa mlima, karibu na Erythrae. Mahali pazuri kwa ulinzi, pabaya kwa maji. Hapo Mardonius aliwatupia wapanda farasi chini ya Masistius, wakaja kwa mafungu, fungu baada ya fungu, wakirusha mishale na mikuki mifupi na kugeuka. Watu wa Megara ndio waliokuwa sehemu iliyo wazi zaidi, wakaomba wapokelewe. Waliokwenda ni Waathene 300 waliochaguliwa, na jambo la kuangalia hapa ni kwamba walikwenda na wapiga mishale wao. Mshale ulimpiga farasi wa Masistius ubavuni, akasimama kwa miguu ya nyuma na kumwangusha mpandaji. Askari walimchoma wee, asife, mpaka wakagundua ana vazi la magamba ya dhahabu chini ya kanzu ya zambarau. Wakamchoma jichoni. Maiti yake ikapakiwa kwenye mkokoteni na kupitishwa mbele ya safu, maana watu walikuwa wanaacha nafasi zao kwenda kuitazama.

Ushindi huo uliwapa Wagiriki moyo wa kushuka chini zaidi, kuelekea Plataea, na Herodotus anataja sababu: maji. Huko kulikuwa na chemchemi ya Gargaphia.

Sasa tufanye hesabu. Mtu anayesimama juani mchana kutwa na ngao ya kilo saba mkononi anahitaji lita 4 za kunywa kwa siku, na hapo nimebana, sijaweka ya kupikia uji wa shayiri wala ya kunawa. Watu 110,000 mara lita 4 ni lita 440,000. Hayo ni maboza 44 ya lita 10,000 kila siku. Au kwa kipimo cha nyumbani, madumu 22,000 ya lita 20. Ukiteka usiku na mchana bila kupumzika, ni dumu moja kila sekunde nne. Anayechimba visima ataitaka kwa saa: lita 18,300. Ukiona hesabu ya wasindikizaji imetiwa chumvi, ikate nusu. Bado unabaki na madumu karibu 15,000.

Wingi wa maji ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni nafasi ya kutekea. Tuseme dumu moja linajaa na kuondoka kwa nusu dakika, ambayo ni kasi nzuri sana mahali penye msongamano. Kwa saa 12 za mchana, sehemu moja ya kutekea inatoa madumu 1,440. Ili kufika 22,000 unahitaji sehemu 16 zinazofanya kazi bila kusimama hata dakika, bila mtu kuteleza, bila ugomvi wa foleni. Na wao hawakuwa na madumu, walikuwa na viriba vya ngozi na mitungi. Kiriba hakisimami chenyewe. Lazima mmoja ashike mdomo na mwingine amimine.

Mwanzoni jambo hili liliwezekana kwa kuwa kulikuwa na vyanzo viwili. Wasparta, upande wa kulia, walikuwa karibu na Gargaphia. Waliobaki walikuwa mbali nayo ila karibu na mto Asopus. Kisha wapanda farasi wa Kiajemi wakaanza kukaa ukingoni na kumpiga mshale kila aliyeshuka na kiriba. Mto haukukauka. Ulikuwa palepale, unaonekana kutoka kambini, na hauendeki. Jeshi zima likageukia chemchemi moja, na foleni ya upande wa kulia ikawa foleni ya miji yote.

Kwa nini wasiwafukuze tu wale farasi? Askari wa ngao amebeba kati ya kilo 20 na 30 za chuma, mbao na ngozi. Farasi amesimama mita mia moja kutoka kwake. Ukikimbia peke yako kumfuata, umeacha nafasi yako kwenye safu na ubavu wa jirani yako umebaki wazi, naye anageuza farasi, anasogea mita mia nyingine, anapiga tena. Ukikimbia na safu nzima, safu inapinda na kupasuka kabla ya kufika, na fungu la pili la farasi linaingia kwenye ufa. Dawa ya mpiga mishale ni mpiga mishale, na waliotajwa kuwa na kikosi chake katika jeshi lile ni Waathene. Pausanias mwenyewe baadaye alituma mtu kwao kuomba wapewe wapiga mishale hao.

Chakula kilikuwa na sura hiyohiyo. Kadiria kilo moja ya nafaka kwa mtu kwa siku: tani 110, yaani magunia 1,100 ya kilo mia, karibu semi nne za tani 30. Aliyewahi kuona malori yakipakia mahindi Kibaigwa anaijua picha ya mzigo huo. Hapa mzigo ulikuja kwa wanyama, kupitia njia chache za mlimani. Punda anayezungusha maji mitaani kwetu hubeba madumu manne, kilo 80, na ndicho kipimo cha haki kwa mnyama wa kupanda mlima. Kwa kipimo hicho jeshi lilihitaji wanyama karibu 1,400 washuke kila siku, na wengine kama hao wakiwa njiani kurudi.

Siku ya nane Mthebe mmoja, Timagenidas, alimwonyesha Mardonius kitu ambacho nadhani alipaswa kukiona mwenyewe siku ya kwanza: Wagiriki wanaongezeka kila siku kwa sababu njia ya mlimani iko wazi. Usiku uleule farasi walitumwa kwenye mlango wa Cithaeron ambao Waathene waliuita Dryoskephalai, Vichwa vya Mialoni. Walikuta wanyama 500 wa mizigo wakitokea Peloponnese. Waliua watu na wanyama mpaka wakachoka kuua, na waliobaki wakaswagwa hadi bomani. Ukipiga kwa kilo 80, wanyama 500 ni tani 40, chini ya chakula cha nusu siku. Herodotus anataja na mikokoteni, kwa hiyo huenda mzigo ulikuwa mkubwa zaidi, lakini hata ukiuzidisha mara mbili hasara yenyewe haikuwa ya kuvunja jeshi. Kilichovunja ni kwamba misafara iliyofuata haikuthubutu kushuka. Ilikwama juu ya Cithaeron, chakula kikiwa karibu na hakifiki.

Hapo Mardonius alikuwa na kila kitu mkononi. Artabazus, kamanda mwenzake, alimshauri arudi nyuma ya kuta za Thebes, ale nafaka iliyoko huko, na atumie dhahabu na fedha kuwanunua wakubwa wa miji ya Ugiriki mmoja mmoja. Wathebe nao waliona hivyo. Mardonius alikataa. Wengi humcheka kwa kiburi. Mimi namwonea huruma kidogo, kwa sababu naye alikuwa na hesabu yake. Farasi mmoja wa kazi hunywa lita 30 kwa siku kwenye joto na hula kilo kumi za malisho makavu. Ukiwa na farasi 5,000 tu, hayo ni tani 50 za malisho kila siku, mwishoni mwa kiangazi, katika nchi ambayo mvua zake huja majira ya baridi. Anayechunga ng'ombe Bahi au Mpwapwa mwezi wa Oktoba hahitaji kufafanuliwa. Tena Herodotus anasimulia kwamba mfalme Alexander wa Makedonia (si Alexander Mkuu, bali aliyemtangulia), aliyekuwa katika jeshi la Mardonius, alikuja usiku kwa siri akawaambia Waathene kuwa Mardonius amebakiwa na chakula cha siku chache. Artabazus anasema nafaka ni tele Thebes, Alexander anasema imekwisha kambini. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: ghala la mjini na gunia la kambini ni vitu viwili, na kati yake kuna mikokoteni.

Baada ya uamuzi huo ndipo farasi walipofanya pigo lao kubwa kuliko yote. Waliifikia Gargaphia wakaitibua na kuifukia. Maneno hayo mawili ni ya Herodotus, na ni vitendo viwili tofauti. Kutibua hakuhitaji jembe. Farasi mia wakipita ndani ya chemchemi yenye udongo laini, maji yanakuwa tope na huchukua saa nyingi kutulia. Kufukia ni mawe na udongo juu ya jicho la chemchemi, na hapo maji hutafuta pa kutokea pengine, au hutoka kwa kuvuja. Kuifukua kunawezekana, ila wafukuaji lazima wainame shimoni kwa saa kadhaa huku mishale inaanguka. Kwa Wagiriki hilo halikuwezekana.

Makamanda walikutana upande wa kulia, kwa Pausanias. Walikubaliana kuhama usiku, zamu ya pili ya lindo, kwenda mahali palipoitwa Kisiwa, stadi 10 kutoka Gargaphia, mbele ya mji wa Plataea, ambapo kijito kinachotoka Cithaeron kinagawanyika na kukutana tena. Maji yapo, na farasi hawafiki kirahisi. Nusu ya jeshi ingeendelea mpaka mlimani kuteremsha misafara iliyokwama. Saa ilichaguliwa vizuri: usiku farasi wa Kiajemi walifungwa kwa kamba na pingu za miguu, na kuwafungua, kuwatandika na kuwatia lijamu gizani ni kazi ndefu. Xenophon, mwandishi na askari Mgiriki, aliliandika jambo hilo karne moja hivi baadaye, akisema kwa sababu hiyo Waajemi hupiga kambi mbali na adui.

Ila kuhamisha jeshi usiku kuna hesabu yake pia. Chukua vikosi vya katikati peke yake, askari wa ngao 18,600. Wapange wanne wanne, mita moja na nusu kati ya mstari na mstari: msururu wa kilomita 7, kwenda kilomita 1.8. Kichwa kimefika na kukaa, mkia haujanyanyua mguu. Kwa mwendo wa usiku wa kilomita 3 kwa saa, wa mwisho anaondoka saa mbili na dakika ishirini baada ya wa kwanza. Na hapo wasindikizaji hatujawahesabu, wala anayesimama kukojoa, wala anayefuata mgongo wa mtu asiye wa mji wake.

Wa katikati hawakwenda Kisiwani kabisa. Walitembea hadi hekalu la Hera nje ya mji, stadi 20 kutoka Gargaphia, wakaweka silaha chini. Herodotus anasema walikimbia. Yeye aliyasikia zaidi ya Waathene, nao hawakuwa na neno zuri kwa Korintho. Kwangu inatosha kusema kwamba watu wenye kiu, gizani, walikwenda mahali wanapopajua penye jengo kubwa.

Upande wa kulia kulikuwa na kisa kingine. Amompharetus, kamanda wa kikosi cha Pitana, alikataa kuondoka. Sparta haikimbii wageni, alisema, akanyanyua jiwe kwa mikono miwili na kulibwaga miguuni pa Pausanias: hiyo ndiyo kura yangu. Thucydides, mwanahistoria aliyemfuata Herodotus, anasema kikosi cha Pitana hakijawahi kuwepo, kwa hiyo jiwe lipokee kwa tahadhari. Waathene nao walisubiri upande wa kushoto kwa kuwa hawakuamini kama Wasparta wataondoka kweli. Kulipopambazuka Pausanias aliondoka akipita vilimani ili kuepa farasi, akasimama baada ya stadi 10 karibu na hekalu la Demeter, na Amompharetus akafuata kwa mwendo wa kawaida. Iwe ni ukaidi au amri, kikosi hicho kilifanya kazi ya walinzi wa nyuma.

Jua linachomoza, basi, Wagiriki wako vipande vitatu visivyoonana. Mardonius anaona matuta matupu ng'ambo ya mto. Alichokiona ni jeshi linalokimbia. Lilikuwa jeshi linalofuata maji. Akavusha Waajemi mbio, na makabila mengine yakafuata bila mpangilio, kila mtu akipiga kelele.

Mapigano yenyewe ni mafupi kueleza. Waajemi walisimika ngao zao kubwa za fito zilizosukwa, zikawa kama ua, wakapiga mishale nyuma yake. Wasparta na Tegea, 53,000 pamoja na watu wa silaha nyepesi, walikaa chini ya mvua hiyo huku Pausanias akichinja sadaka, mnyama baada ya mnyama, kutafuta ishara ya kushambulia, na ishara zikikataa. Callicrates, mwanamume mzuri kuliko wote kambini, alipigwa mshale ubavuni akiwa amekaa kwenye nafasi yake. Iwe ni dini au hesabu, kungoja kuliwasaidia: kila dakika watu zaidi walijazana nyuma ya ule ua, mpaka wapiga mishale wa mbele wakakosa pa kurudi, na farasi wakakosa nafasi ya kupiga bila kuwapata wenzao. Tegea walitangulia kunyanyuka. Ua ulipoanguka, Waajemi walishika mikuki ya Wagiriki kwa mikono na kuivunja. Kwa ujasiri na nguvu hawakupungukiwa, Herodotus anasema wazi. Walipungukiwa vazi la chuma, na walijitupa mmoja mmoja au kumi kumi mbele ya safu iliyoshikana. Mardonius alipoanguka pamoja na watu wake 1,000 teule, wengine wakageuka. Artabazus, aliyekuwa anakuja na watu 40,000, aliona wanaokimbia, akageuza njia kuelekea Phocis na moja kwa moja hadi Byzantium.

Asubuhi hiyohiyo watu wa Megara na Phlius waliposikia ushindi walikimbilia uwandani ovyo. Farasi wa Thebes wakawakuta, wakaua 600. Ndivyo ambavyo ingekuwa kwa jeshi zima kama Mardonius angengoja hadi kiu iwasambaratishe mchana.

Boma la magogo liliwashinda Wasparta mpaka Waathene walipofika, wenye uzoefu wa kuta. Tegea waliingia wa kwanza, wakachukua kutoka hema la Mardonius hori la farasi wake, la shaba tupu.

Na Gargaphia? Karne ya pili baada ya Kristo alipita pale msafiri aliyeandika alichokiona na kusikia, naye pia jina lake Pausanias. Ameandika kwamba watu wa Plataea baadaye waliyarudisha maji yake.